Blanketi Ulilomletea Mama Yako

Tunduma,
Jumatatu, mwezi wa tisa.

Mume wangu Lusubilo,

Salamu hizi zikukute huko Johanesibagi umekula na umelala vizuri. Kile kifua ulichoondoka nacho msibani kimepona? Miriamu, mke mwenzangu, hajambo? Na mtoto ameshaanza kutembea, au bado anajivuta kwa makalio kama marehemu babu yako akitoka kilabuni? Mwambie nimemuuliza. Sisi huku ni wazima, maana yake tunaamka asubuhi na tunapika. Goti langu linaitika kila baridi inapobisha. Uzima mwingine usiniulize hapa juu, utaukuta huko chini.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi nikisikia sauti yako nalia, nawe nikilia unasema pumzika mke wangu, tutaongea kesho. Hiyo kesho tunaisogeza tangu mwezi wa sita. Barua haina wa kuikatiza. Halafu nataka neno hili likae kwenye karatasi, kwa sababu wakubwa wanasikiliza karatasi kuliko bibi kizee. Anayeniandikia ni Ruti, yule jirani mjane, katibu wa kwaya. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno kama anaandika tangazo la harusi. Atakayeileta ni Osea, dereva uliyewahi kufanya naye kazi. Lori lake liko kwenye foleni ya mpaka siku ya tatu leo, na amekula kwangu siku zote tatu, kwa hiyo hana sababu ya kuipoteza. Atakupa na mzigo mmoja umefungwa kwenye mfuko wa mchele. Usiufungue kabla hujamaliza kusoma.

Habari za huku si nyingi. Mvua bado. Malori yamepanga mstari mpaka kule juu, na madereva wanafua nguo zao na kuzianika kwenye vioo. Stoo ya mama yako ameishika Fausta, mwenzake wa sokoni, na mchele wa Msangano umeingia mzuri mwaka huu, mweupe, haukatiki. Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bado hawajakubali kwamba mama yako hayupo. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja Mzambia na gunia lake tupu begani, akasimama mlangoni akauliza kwa Kibemba chao, ba Ferista bali kwi, yuko wapi Ferista. Fausta akanigeukia. Mimi nikamjibu kwa kidole, nikamwonyesha chini. Akaketi pale pale juu ya gunia lake, akalia kuliko ndugu zetu wengine waliokuja kula wali wa msiba.

Sasa sikiliza, nataka nianzie mbali kidogo, ili usije ukasema kile kifaa cha mwilini mwa mama yako kilikuwa kibaya.

Wewe ulikuwa huko kusini lori lilipomgonga mama yako akiwa nyuma ya pikipiki na mchele wake. Ulisikia kwa simu. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Mgongo walimpasua mara mbili, mfupa ukashika, maumivu yakabaki. Alikuwa anasema miguu yake imewekwa kwenye makaa na hakuna wa kuitoa. Vile vidonge vikali vilimpa kutapika na kufunga choo, akawa anaangalia ukuta mchana kutwa kama mtu anayesubiri gari. Siku moja aliniambia, mama, kama ningekuwa kuku ungeshanichinja kwa huruma. Nilimpiga kofi la mdomo. Mtu wa miaka hamsini, nikampiga kofi, kisha tukashikana tukalia.

Wewe ndiye uliyesema huko uliko wanaweka pampu ya dawa ndani ya mwili, ukahangaika na barua za madaktari, ukamchukua. Alivyorudi nilimwambia anionyeshe. Akapandisha blauzi, nikaona uvimbe wa mviringo chini ya ngozi ya tumbo, saizi ya kopo la dawa ya viatu. Alinielezea kwamba humo ndani kuna mofini kidogo sana, na kimrija chembamba kimepita ndani ya nyama kuzunguka kiuno hadi kwenye uti wa mgongo, kinadondosha dawa pale pale maumivu yanapopita, usiku na mchana. Kwa kuwa haizunguki mwili mzima haimlevyi wala haimtapishi. Nikasema hawa watu wamefunga bomba la maji ndani ya mwanangu. Akacheka. Lusubilo, alicheka! Nilikuwa sijasikia kicheko kile kwa miaka miwili.

Akasimama. Akarudi sokoni. Akawa anagombana tena na wapagazi, anawatania Wazambia kwa salamu yao, mulishani huku na mulishani huku. Kwaya ikampokea. Miezi kumi na mitano alikaa bila makaa miguuni. Ni wewe uliyempa miezi hiyo, na mtu yeyote asikunyang'anye.

Na mtu wa pili aliyempa ni Gwalugano.

Usikunje uso. Soma. Kopo lile lilikuwa linakwisha dawa, na kila baada ya miezi miwili lilitakiwa kujazwa kwa sindano kupitia kwenye ngozi. Gwalugano ndiye nesi aliyefundishwa kazi hiyo katika hospitali tuliyokuwa tukienda. Nilikuwa nakaa pale naangalia. Anapapasa kwa vidole, anatafuta katikati ya kopo, anaingiza sindano, anatoa dawa iliyobaki, anaipima, anaandika, ndipo anajaza. Hazungumzi na mtu wakati huo, hata daktari akimwita haitiki. Aliwahi kuniambia kwamba sindano ikikosea kopo na dawa ikamwagika kwenye nyama, mtu anaweza kulala asiamke. Pia tarehe ikipita dawa ikaisha, mwili unageuka vita. Kwa hiyo tarehe ikikaribia alikuwa anapiga simu mwenyewe. Na kwa kuwa alipanga mtaa wa tatu kutoka kwetu, Jumapili alikuwa anapita, anamwangalia, anakula, anaondoka. Alikuwa ananiita bibi na mimi namwita kisirani, kwa sababu ya makatazo yake.

Maana alikuwa na makatazo. Alisema Ferista asikandwe tumbo. Akipata homa apigiwe simu siku hiyo hiyo. Na joto, alilirudia joto mpaka nikachoka. Alisema pampu ya aina ile haina betri, inasukumwa na hewa iliyofungiwa ndani, na hewa ikipata moto inavimba na kusukuma dawa kuliko kipimo. Alinionyesha kwenye sufuria yangu ya maharage, akasema unaona mfuniko unavyorukaruka, bibi, ndiyo hivyo. Asioge maji ya moto, asikae kwenye mvuke, asijifukize. Alilitaja neno hilo kwa kinywa chake, asijifukize. Nami niliitika.

Sasa nakuja kwenye mwezi wa sita.

Jumatano Gwalugano alimjaza dawa. Alhamisi akawa mzima. Ijumaa mafua yakamshika, unajua baridi ya hapa mwezi wa sita inavyoingia mpaka kwenye meno. Jumamosi jioni amekufa. Wewe ulipokuja ulipiga hesabu ya siku tatu, ukasema nesi amezidisha dawa. Kila mtu akaona ni kweli. Gwalugano alikuja msibani amevaa kanga, ukamsimamisha mbele ya watu. Akasema yeye alijaza kipimo kile kile cha siku zote na kimeandikwa. Akasema Jumamosi mchana alipiga simu, nami nikamjibu mgonjwa anaendelea vizuri. Akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, bibi, hamkumfukiza? Ukamkemea. Ulimwambia asimsingizie mwanamke mzee aliyefiwa. Ukamwambia atoke kabla hujamtoa.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka. Nilikuwa natetemeka. Ukaingia ndani ukaleta blanketi lile zito la madoa ya chui ulilomletea mama yako kutoka huko, ukanifunika, ukasema mke wangu unatetemeka kwa baridi. Ukaona pembeni pana alama ya duara, manyoya yameyeyuka na kugandamana, ukaniuliza kumetokea nini. Nikakuambia ni pasi.

Haikuwa pasi, mume wangu.

Ruti ameweka kalamu chini. Nimemwambia aiokote. Hii ndiyo sababu nimechelewa miezi mitatu, na si sababu nzuri, ila ndiyo hiyo. Mtu asiyejua kusoma hana siri ya barua. Ili nikuambie wewe peke yako, ilinipasa nimwambie mwingine kwanza, nimwangalie usoni anavyoandika. Nilikuwa nasema leo, nasema kesho. Andika, Ruti.

Jumamosi ile asubuhi mama yako alikuwa amebanwa kifua, pua imeziba, anatetemeka. Nikachuma majani ya mikaratusi kwa mwalimu Amoni, nikaweka mchaichai na ndimu, nikachemsha kwenye sufuria kubwa ya msiba. Nimefukiza watoto wangu saba, nimewafukiza ninyi wajukuu, nilimfukiza babu yako mpaka siku ya mwisho. Hakuna aliyekufa mkononi mwangu kwa mafua. Mama yako akaniambia, mama, Gwalugano alikataza. Nikamjibu, Gwalugano ndiye aliyekunyonyesha?

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayarudia ninapopika, nayarudia kanisani. Gwalugano ndiye aliyekunyonyesha. Niliona kasichana ka juzi kanakuja kunifundisha mvuke ndani ya nyumba yangu. Na mwanangu, mwanamke wa watu, mfanyabiashara anayefukuza wapagazi wenye misuli, aliona mama yake amekasirika, akavua sweta, akakaa kwenye kigoda. Alitii. Nilimlea hivyo.

Kanga haikutosha, mvuke ulikuwa unatoka pembeni, ndipo nikalichukua blanketi lako. Nikamfunika yeye na sufuria pamoja, pindo likaingia chini ya kitako cha moto cha sufuria likaungua. Hiyo ndiyo duara. Alikuwa anaongea humo ndani. Alisema mama utanipika kama njugu. Alisema ukinitoa nitakuwa mtoto mchanga tena, utanibeba. Nikamwambia kaa, bado. Alisema inatosha mara mbili, nami mara mbili nikasema bado.

Alipotoka alikuwa mwekundu, analowa, anapumua vizuri puani. Nikajisifu. Nikamlaza nikamfunika na blanketi lile lile, likiwa bado la moto. Akaniambia mama, nasikia usingizi mtamu, miguu yangu haipo kabisa. Mimi nikaona hiyo ni dawa imefanya kazi. Ilikuwa imefanya kazi, ni kweli.

Kwenye saa nane Gwalugano akapiga simu ya mama yako, nikapokea mimi. Alisema Fausta amemwambia sokoni kwamba Ferista ana mafua, akauliza kama ana homa. Nikamwambia hana. Akauliza anafanya nini, nikamwambia amelala. Akauliza amelalaje, anapumua vipi, nimwamshe amsikie sauti. Nikaangalia kitandani. Alikuwa anakoroma taratibu, koromo moja, halafu kimya kirefu, halafu jingine. Nikamwambia ameshaamka mara moja akanywa uji, usimsumbue. Hakuwa amekunywa uji. Hakuwa ameamka. Ndipo akauliza, bibi, hamjamfukiza? Nikasema hapana.

Nilisema hapana kwa sababu niliona aibu ya kugombezwa. Basi. Hakuna kikubwa zaidi ya hapo, ningekuwa nacho ningekuambia. Nilikata simu, nikafunga mlango, na Fausta alipokuja na wanakwaya kumwona mgonjwa nikawafukuza uani, nikawaambia msipige kelele, mtoto wangu amepata usingizi. Nilimlinda asiamshwe. Kwenye saa kumi na moja niliingia na uji wa kweli. Ulipoa mkononi mwangu.

Kufukiza ni ujinga wangu, na ujinga Mungu ataupima. Lakini lile hapana nililisema nikijua. Na msibani ulipomkemea Gwalugano nikanyamaza, nikijua. Na uliponifunika na blanketi lile ukadhani ni baridi.

Fausta aliniambia wiki mbili zilizopita kwamba barua yako ya malalamiko imefanya Gwalugano asimamishwe kazi, na tarehe ishirini ya mwezi ujao kamati itakaa kumhoji, huenda akafutwa unesi kabisa na kukabidhiwa polisi. Chumba chake amekihama. Alhamisi nilimfuata kwao Mbozi. Nilimkuta shambani anachuma kahawa na mama yake, ndoo kiunoni, vidole vile vinavyotafuta katikati ya kopo vimepasuka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu goti likishakunjwa halinyanyuki. Alikaa chini katikati ya mibuni. Kisha aliuliza kitu kimoja tu, kama nilipopokea simu Ferista alikuwa bado anapumua. Nikasema ndiyo. Akasema sindano ya kumwamsha ilikuwa kwenye mkoba wake, mtaa wa tatu, na kwamba ameulaza mkoba ule kando ya kitanda chake mpaka leo.

Hakunisamehe, nami sikumwomba. Nikaanza kuondoka. Nikafika kwenye mfereji wao wa maji nikakwama, goti limekataa. Akanifuata kwa nyuma bila kusema, akanishika mkono, akanivusha, akarudi kwenye kahawa yake.

Kwa hiyo, Lusubilo, iandikie kamati useme umekosea mtu. Sikuombi ruhusa. Ruti ameandika barua hii mara mbili, na ya pili nitaipeleka mwenyewe tarehe ishirini, uwe umekubali au umekataa. Wakinifunga, wanifunge, nitakula ugali wa serikali na kugombana na askari jela. Ninachokuomba ni kwamba wasilisikie jina la Gwalugano likitajwa vibaya tena na mdomo wa mtoto wa Ferista. Mama yako alimpenda. Alikuwa anamwekea kichwa cha samaki.

Sasa fungua mzigo. Ni lile blanketi. Nimelituma kwa sababu nakujua, utasema bibi amezeeka, amechanganyikiwa, au nesi amemlazimisha. Sijalifua. Ukilifunua, sogeza pua kwenye pindo, bado kuna mikaratusi kidogo. Halafu tafuta duara, weka kiganja chako juu yake. Sufuria unaijua, ulikuwa unakwangua ukoko wake ukiwa mdogo. Utaona inalingana.

Usinijibu haraka. Ukinijibu kwa hasira, nitaipokea, nimekaa tayari. Lakini nina jambo moja nakuuliza, na hili Ruti nimemwambia aliandike kwa herufi kubwa kidogo. Tangu uanze kuongea umeniita mke wangu. Hata msibani, na macho yako mekundu, uliniita hivyo uliponifunika. Siku ukipiga simu, neno la kwanza litakaloniambia niko wapi na wewe ni hilo. Ukiniita bibi tu, nitaelewa, na nitaitika.

Nisalimie Miriamu, umwambie asiogope kunichukia. Mtoto mbebe mgongoni wewe mwenyewe siku ya baridi, joto la mgongo linatosha, lisizidi. Osea usimwache aondoke bila kula.

Huku tumebaki na jina lako, tunalitaja kila jioni.

Mimi, niliyemzaa mama yako,
Conjesta.

(Hilo chini ni dole gumba langu. Ruti alitaka kulifuta akidhani ni doa la mkaa.)